Upanga wa Kununua: Tazama Msuka Kabla ya Makali

Msimu wa korosho uliopita, mzee mmoja aliingia katika karakana ya chuo chetu hapa Mtwara amebeba kiroba cha salfeti. Akakikung'uta juu ya meza. Likaanguka bapa la upanga, kisha mpini wake, kila kimoja kivyake. Ulikuwa upanga wa harusi. Kijana wake alivaa joho na kilemba, akaushika vizuri mpaka picha zikaisha. Ngoma ilipokolea mjomba mtu akauazima, akaupunga mara mbili, na mara ya tatu akabaki na mpini mkononi. Bapa lilikwenda kutua kando ya sufuria la pilau, hatua chache kutoka walipokaa watoto.

"Mwalimu, nichomelee tu," akaniambia. "Huu mpya, wa juzi."

Nikamwonyesha kilichokuwa ndani ya mpini: kijiti cha chuma chembamba kama msumari wa inchi sita, kimeshikizwa kwenye kitako cha bapa kwa tone moja la weldi. Kuchomelea ningeweza. Sikutaka, kwa sababu ungekatika tena palepale, na safari hiyo huenda watoto wangekuwa karibu zaidi.

Wengi wanaokuja kuniuliza habari za panga huanza na mng'aro, nakshi, au ukali wa makali. Mimi huanza na msuka. Aliyewahi kushika jembe la kienyeji anaujua: ni ule mkia wa chuma unaopenya kwenye mpini. Upanga nao una msuka wake, ila umefichwa, na hapo ndipo muuzaji asiye mwaminifu anapopata faida yake. Msuka wa haki hutoka katika chuma kilekile cha bapa bila kuungwa. Uwe mpana, angalau nusu ya upana wa bapa, na ufike karibu na mwisho wa mpini, ambako hukazwa kwa nati, au hupigiliwa ribiti zinazopita mpini upande hadi upande. Tazama pia pembe pale bapa linaposinyaa kuwa msuka. Zikiwa zimekatwa kwa mraba mkali, ufa huanzia hapo. Fundi anayejua kazi huzifanya za mviringo.

Utauonaje na umefichwa? Mwombe muuzaji afungue nati. Akikataa, shika mpini kwa mkono mmoja, bapa lielekee chini mbali na watu, ugonge ngumi yako kwa ule mwingine. Upanga uliokaza hutoa mlio mmoja mfupi. Ukisikia kitu kinachezacheza ndani, rudisha mezani, hata kama bei imeshuka mara tatu tangu ufike.

Chuma chenyewe kina maneno mengi, nami nitayapunguza. Wazee wa pwani waliposifu upanga walisema ni wa feleji, yaani chuma bora. Siku hizi ubora huo tunaupima kwanza kwa kaboni, ambayo ndiyo inayokiwezesha chuma kuwa kigumu. Panga za kutumika huwa na kaboni ya kiasi cha asilimia 0.5 hadi 0.7. Ukiona tangazo limeandika namba ya aina ya chuma, kama 1045 au 1060, tarakimu mbili za mwisho ndizo zinazotaja kaboni: 0.45 na 0.60. Chuma laini cha madirisha na mageti hakifiki huko. Ukikikunja, kinabaki kimekunjwa.

Springi za lori zina kaboni ya kutosha, ndiyo maana wahunzi wengi wanazipenda. Lakini springi ikishatiwa motoni na kufuliwa upya, ugumu wake wa kiwandani umekwisha. Fundi lazima aipashe hadi sumaku isishike tena, kama nyuzi 770 na kuendelea, aitumbukize katika mafuta, kisha aipashe mara ya pili kwa moto mdogo, nyuzi 200 hadi 300 hivi au zaidi kidogo. Hatua hii ya pili ndiyo inayorukwa na wenye haraka. Bapa lisilopitia hapo ni gumu kama kioo, na huvunjika kama kioo. Kwa hiyo muulize mhunzi amelipasha mara ngapi, halafu omba upitishe tupa mpya taratibu karibu na makali, mahali pasipoonekana. Tupa ikiteleza au ikikwaruza kwa shida, bapa limeshika ugumu, ingawa hilo peke yake halithibitishi kuwa lilipashwa mara ya pili. Ikila chuma kama jibini, ni laini.

Kuna chuma kisichoshika kutu, ambacho mafundi tunakiita stenlesi, chenye kromi isiyopungua asilimia 10.5. Kwa upanga wa ukutani mjini Lindi au Mikindani, na upepo huu wa chumvi, mimi nakipendekeza bila wasiwasi. Kwa bapa refu la kupigana nalo, hapana. Panga nyingi za stenlesi za madukani zimetengenezwa kwa ajili ya macho, na zikigongana hukatika ghafla bila kupinda kwanza.

Wanaojifunza michezo ya mapigano na vikundi vya maigizo waanze na mti. Hapa watu hukimbilia mpingo, kwa kuwa ni fahari yetu na wachongaji wa Kimakonde wanautoa vizuri. Mpingo ni mzito kuliko maji, ukiutupa kisimani unazama. Upanga mzima wa mpingo utakuchosha bega kabla hujajifunza lolote. Utumie kwenye mpini, hapo haukosi uzuri. Kwa upanga wa mazoezi, chagua mti ambao watu wa kijijini kwenu wanaufanyia mpini wa shoka: umeshajaribiwa kwa mapigo miaka mingi. Nyuzi zake ziende moja kwa moja, pasiwe na kifundo. Ukifika wakati wa chuma, usinunue chenye makali. Ukingo uwe butu, unene wa milimita mbili au tatu, na ncha iwe ya mviringo. Uzito usizidi sana kilo moja na nusu. Panga halisi za mkono mmoja zilikuwa nyepesi kuliko watu wanavyodhani.

Jambo jingine linahusu panga kuukuu. Kilwa na Mikindani ni miji ya zamani, na wapo wanaokunong'oneza kwamba wana upanga wa babu wa tangu enzi za masultani. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakihesabu kitu kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 kuwa kumbukumbu inayolindwa; hakiuzwi wala kutolewa nchini bila kibali. Ikiwa ni wa kweli, umeingia kwenye kesi. Ikiwa ni wa uongo, umelipia kutu iliyotengenezwa kwa chumvi na siki.

Na ukishanunua, usitembee nao wazi stendi. Kanuni ya Adhabu inamhesabu mkosaji anayebeba silaha hadharani bila sababu halali kwa namna ya kutia watu hofu. Uviringe katika kitambaa, ufunge kamba, uweke risiti mfukoni.

Nyumbani, usiuache ndani ya ala ya ngozi mwaka mzima, kwani ngozi hushika unyevu. Ufute kila ulipoguswa, jasho la vidole linatosha kuanzisha kutu, kisha upake mafuta ya cherehani kidogo. Mafuta ya alizeti hukauka yakawa gundi. Wala usiuweke stoo moja na salfa, ile dawa ya unga ya kupulizia mikorosho, maana shaba na fedha za mpini zitageuka nyeusi kabla ya mavuno.

Yule mzee tulimtengenezea kibao cha mninga. Bapa limefungwa humo kwa skrubu mbili, mpini umegundishwa mahali pake, na sasa uko ukutani sebuleni juu ya picha ya maharusi. Mjomba, nimeambiwa, ngoma ikipigwa hupewa bakora.