p53 nyingi kwenye uvimbe si dalili ya ulinzi

Protini ya p53 huilinda seli isigeuke saratani, hivyo ikijaa kwenye seli za uvimbe, wengi hudhani mwili umeongeza ulinzi. Mara nyingi ni kinyume: imejaa kwa sababu ni mbovu.

Katika seli yenye afya, p53 hutengenezwa na kuvunjwa muda wote. Nusu yake hutoweka ndani ya dakika 20 hivi, kwani protini ya MDM2 huibandika alama ya yubikwitini inayoipeleka kuvunjwa. DNA ikikatika, kimeng'enya cha ATM huitia p53 fosfati, MDM2 ikashindwa kuishika vizuri, na kiwango kikapanda. Hapo p53 huwasha jeni ya p21, mgawanyiko wa seli ukasimama ili DNA itengenezwe. Madhara yakizidi, seli hujiua. Tena p53 ndiyo inayowasha jeni ya MDM2, kwa hiyo hatari ikipita hujishusha yenyewe.

Jeni ya TP53, inayotengeneza p53, ikiharibika, mara nyingi hubadilika asidi amino moja tu kati ya 393, katika sehemu inayoshika DNA. Mabadiliko kwenye asidi amino namba 175, 248 na 273 hujirudia sana. Protini hiyo haiwezi kuwasha MDM2, basi hubaki na kurundikana. Baya zaidi, p53 hufanya kazi zikiwa nne zimeungana. Nakala moja ya jeni ikiwa mbovu na zote mbili zikizalisha sawasawa, ni kundi 1 tu kati ya 16 litakalokuwa na nne nzima.

Ndiyo maana ninasisitiza usomaji makini wa slaidi za nyama ya uvimbe zilizotiwa rangi ya kuonyesha p53. Rangi kali karibu katika kila kiini cha uvimbe inaashiria jeni mbovu, na kukosekana kabisa kwa rangi vilevile, maana badiliko jingine huzuia protini isitengenezwe. Hali ya kawaida ni rangi ya kupishana, hapa hafifu, pale imekolea. Kabla ya kuandika kwamba haipo, tazama limfosaiti (seli nyeupe za damu) za jirani: nazo zikiwa tupu, kasoro ni ya kipimo, pengine nyama haikukaa vizuri kwenye fomalini.

Saratani ya shingo ya kizazi hufuata njia nyingine. TP53 kwa kawaida ni nzima, lakini protini E6 ya virusi vya HPV 16 na 18 huifikisha p53 kwenye kuvunjwa, huku E7, protini nyingine ya virusi hivyo, ikiiangamiza RB, protini ya seli inayozuia E2F, protini ya kuwasha jeni, isianzishe mgawanyiko. Dawa za saratani kama palbociclib huzuia vimeng'enya vya CDK4 na CDK6 visiizime RB; pale ambapo RB yenyewe imepotea, hazina cha kulinda.