Kurekebisha rangi ya gari: ni kazi gani, na anayeanza aanzie wapi

Chukua gari jeusi au la bluu iliyokolea, lisimamishe juani alasiri, kisha tazama boneti yake kwa ubavu. Pale jua linapoakisi utaona vimistari vyembamba vimelizunguka kwa duara. Ukisogea hatua mbili, duara nalo linasogea. Ukweli ni kwamba mikwaruzo hiyo imetapakaa kila upande juu ya boneti nzima, ila mwanga humulika ile tu iliyoukingama, ndiyo maana jicho linaona duara. Kuiondoa mikwaruzo hiyo ndiko kurekebisha rangi.

Inaondolewa kwa kusaga, kwa mashine yenye sponji na polishi. Tabaka la juu kabisa la rangi hupunguzwa kidogo sana, kwa makusudi, hadi uso wake ushuke kufikia kitako cha mkwaruzo au karibu nacho. Hakuna kinachoongezwa. Polishi ya kupaka kwa kitambaa, ile inayouzwa hadi vituo vya mafuta, kwa kawaida hujaza mikwaruzo kwa mafuta na nta, na baada ya kuosha mara chache mikwaruzo yote inarudi. Kupiga rangi upya kunaongeza tabaka jipya. Kurekebisha kunaondoa, na kilichoondolewa hakirudi. Anayeanza akilishika hili moja, mengine mengi atajiamulia mwenyewe bila kuambiwa.

Kinachosagwa ni klia. Magari mengi ya leo yana bati, kinga ya kutu, praima (rangi ya msingi), rangi yenyewe, kisha klia juu, ambayo haina rangi na ndiyo inayong'aa. Kwa magari mengi ya Kijapani, yaani sehemu kubwa ya yanayoshushwa bandari za Dar es Salaam na Mombasa, tabaka zote kwa pamoja huwa kati ya maikroni 90 na 130 (maikroni elfu moja ni milimita moja). Karatasi moja ya printa ina maikroni 100 hivi. Katika unene huo, klia peke yake ni maikroni 35 hadi 50. Polishi laini kwa sponji laini huondoa takriban maikroni moja, na kompaundi, yaani polishi yenye chembe kali zaidi, huondoa 2 hadi 4. Wenye kazi hii hawapendi kuvuka maikroni 7 au 8 katika maisha yote ya gari, kwa sababu klia ndiyo yenye viungo vya kuzuia miale ya jua. Ikibaki nyembamba mno, jua letu linaimaliza. Inaanza kupauka, inatoka mabaka meupe, kisha inabanduka kama ngozi, na paa na boneti ndivyo hutangulia.

Klia iliyokwisha kubanduka hairekebishiki. Mabaka yale hayana cha kusagwa, na mashine itayapanua tu. Hapo ni kupiga rangi upya. Vivyo hivyo vidoa vya mawe vilivyofika kwenye praima. Kwa mkwaruzo mmoja mmoja, pitisha ukucha polepole kuuvuka: ukucha ukikwama, mkwaruzo ni mrefu kwenda chini kuliko klia unayoweza kuitoa. Unaweza kulainisha kingo zake usionekane sana, lakini usiufukuze.

Kuna pia magari yasiyo na klia kabisa, hasa pikapu na magari ya kazi ya zamani yenye rangi nyeupe. Utayatambua ukisugua kwa polishi kidogo mahali pa kificho. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, unasaga rangi yenyewe. Inarekebishika, ila usishtuke sponji ikigeuka nyeupe au nyekundu.

Kipima unene wa rangi ni kifaa kizuri kama unaweza kuazima. Kwenye bati, ikisoma 90 hadi 130 ni rangi ya kiwandani. Zaidi ya 200, sehemu hiyo imewahi kupigwa rangi, na zaidi ya 500 kuna puti chini yake. Chini ya 80, weka kompaundi kando, tumia polishi laini tu au usiguse. Kumbuka kifaa hiki kinasoma jumla ya tabaka zote, hakikuambii klia ni kiasi gani, na cha kawaida hakisomi bampa za plastiki.

Kuosha ni nusu ya kazi

Mikwaruzo mingi inatokana na kuosha na kufuta. Kitambaa kimoja kinafuta magurudumu halafu boneti. Vumbi linapanguswa kavu asubuhi kwa dasta. Ndoo moja ya maji inazunguka gari zima hadi maji yanakuwa tope. Mchanga unaobaki kwenye sponji ndio unaochora. Kwa hiyo ukianza kusaga kabla ya kuosha vizuri, mashine itauzungusha mchanga huohuo mara elfu kadhaa kwa dakika.

Mwagia gari maji mengi kwanza bila kuligusa, tope lishuke lenyewe. Kisha ndoo mbili za lita 15 au 20, moja ya maji ya shampuu ya gari, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia glavu ya kuoshea kila unapomaliza sehemu. Anza juu paani, malizia chini. Magurudumu yawe na kitambaa chake. Sabuni ya unga ya kufulia iache, kwa sababu ni kali na inaondoa nta yote. Kama maji yako ni ya kisima chenye chumvi, kama ilivyo sehemu nyingi za Dar es Salaam, usiyaache yakaukie kwenye bati. Yanaacha madoa ya chokaa ambayo baadaye hayatoki kwa kuosha. Kinyesi cha kunguru nacho kilowekwe na kutolewa siku hiyohiyo, maana kina asidi na juani hula klia ndani ya saa chache.

Gari likiwa safi na bado lina maji, vaa mfuko mwembamba wa nailoni mkononi, ule wa kufungia mkate, upitishe vidole juu ya boneti. Utahisi chembechembe kama mchanga mwembamba. Ni vumbi la breki, utomvu, vinyunyizo vya rangi vya gereji jirani, vyote vimejibana kwenye klia. Hivi hutolewa kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi. Kata kipande cha gramu 50, kibonyeze kiwe bapa, nyunyiza maji yenye matone machache ya shampuu, kisha kiteleze bila kukandamiza hadi mkono uhisi ulaini. Kikunje kila mara upate uso safi. Kikianguka chini, kitupe, hata kama ni kipya. Udongo nao huacha alama hafifu, kwa hiyo unatumika kabla ya kurekebisha, si baada.

Boneti moja, na ndani yake kipande kimoja

Gari zima kwa mtu anayejifunza ni kazi ya siku mbili, na uchovu wa siku ya pili ndio unaochoma rangi. Anza na boneti pekee. Hata hapo usiianze yote.

Mashine ya kuanzia ni DA (kifupi cha Kiingereza cha "dual action"), ile inayozunguka huku ikiyumba. Iliyo rahisi kuipata huyumba milimita 15 na hubeba sponji za upana wa sentimita 13 hadi 14. Ukiikandamiza sana inaacha kuzunguka, na huo ndio usalama wake. Rotari, aina ya pili ya mashine, huzunguka mahali pamoja bila kukoma. Mikononi mwa fundi mzoefu inafanya kazi haraka, lakini kwa anayeanza inachoma kingo na kuacha mawimbi ya kivuli yanayoonekana juani. Grenda ya kukatia vyuma haifai kabisa hata ikifungwa sponji. Inazunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika na itafika kwenye praima kabla hujatanabahi.

Gari liwe kivulini na bati lisiwe na joto mkononi. Bandika tepu ya karatasi kwenye kingo za boneti, mipira, nembo na plastiki nyeusi. Kompaundi ikiingia kwenye plastiki yenye vinyweleo hukauka nyeupe na ni taabu kuitoa. Kingo zina sababu nyingine: rangi pale huwa nyembamba, na sponji hukandamiza sehemu ndogo kwa nguvu yote. Vua saa na mkanda wenye bizimu. Waya wa umeme upitishe begani usiburuzike kwenye rangi.

Sasa chagua mraba wa sentimita 50 kwa 50. Hapa ndipo unapotafuta mchanganyiko utakaotumia gari zima, na kanuni ni kuanza na kilicho laini kuliko vyote: polishi laini na sponji laini. Sponji mpya ipake polishi uso mzima kwa kidole mara ya kwanza, la sivyo sehemu kavu zitasugua bila kilainishi. Baada ya hapo matone manne ya ukubwa wa punje ya njegere yanatosha kwa kila mraba. Kuongeza hakuongezi kasi. Kunajaza sponji tu na kurusha madoa kwenye kioo.

Bonyeza sponji kwenye rangi kwanza, ndipo uwashe. Sambaza kwa kasi ya 1 au 2, kisha panda hadi 4 au 5. Sogeza mashine sentimita 2 hadi 3 kwa sekunde, kila mstari ukiingia nusu ya uliotangulia. Ukimaliza kwenda kulia na kushoto, rudia kwenda juu na chini. Hiyo ni pitio moja, na unahitaji manne hadi sita. Wengi wanaojifunza huenda mbio kana kwamba wanapiga deki, kisha wanailaumu polishi. Chora mstari kwa kalamu ya wino mzito kwenye sahani ya mashine, ile inayoshika sponji. Ukiuona unazunguka polepole, sawa. Ukiwa umesimama unatetemeka tu, umekandamiza mno au umeinamisha mashine, na hakuna kinachosagwa.

Futa kwa taulo safi la maikrofaiba, kisha usiamini unachokiona. Mafuta ya polishi yamejaa ndani ya mikwaruzo na kuificha. Changanya spiriti ya isopropili ya asilimia 70 kipimo kimoja kwa maji vipimo viwili, nyunyiza, futa, ndipo utazame kwa tochi ya LED ukiishika pembeni na kuizungusha. Taa ndefu za dari haziionyeshi mikwaruzo hii. Jua linaionyesha.

Mikwaruzo ikiwa imepungua nusu au robo tatu, umepata. Endelea hivyo boneti nzima na uridhike. Ikiwa haijaguswa, badilisha kitu kimoja kwa wakati: kwanza sponji ngumu zaidi kwa polishi ileile, kisha kompaundi ya wastani. Ukibadilisha vyote pamoja hutajua kilichofanya kazi. Ukitumia kompaundi huenda ikabaki ukungu hafifu. Huo unaondolewa kwa kurudia na polishi laini, ndiyo maana kazi nyingine ni ya hatua moja na nyingine ya hatua mbili. Rangi hazifanani. Nyeusi ya Toyota yenye namba 202 inajulikana kwa ulaini, inakwaruzika hata kwa taulo, na juu yake kompaundi huleta ukungu zaidi ya faida.

Mambo yakiharibika, mara nyingi chanzo ni sponji chafu. Klia iliyosagwa na polishi iliyokauka vinaziba vinyweleo, joto linapanda, na polishi inaanza kutoka unga au kuganda madoa yasiyofutika. Baada ya kila mraba, isugue sponji kwa brashi laini mashine ikizunguka polepole. Kwa boneti moja uwe na sponji mbili au tatu, kwa gari zima sita au zaidi. Polishi ikiganda, usikwangue. Paka polishi mbichi kidogo juu yake, pitisha mashine sekunde chache, futa. Taulo lililoanguka chini lisirudi kwenye rangi siku hiyo.

Bampa za plastiki zinataka mkono mwepesi zaidi, maana plastiki haitawanyi joto kama bati. Sehemu iliyopigwa rangi gereji wiki chache zilizopita iache kwanza. Thina bado inatoka na rangi ni laini.

Kuikinga

Klia iliyotoka kusagwa iko tupu, hivyo ikingwe siku hiyohiyo. Nta hudumu mwezi mmoja hadi mitatu, na kwa jua la pwani hesabu mmoja. Kinga ya kemikali ya kupaka hufika miezi minne hadi sita. Kinga ya seramiki hudumu mwaka hadi mitatu, lakini anayeanza asiikimbilie. Huganda haraka, na sehemu usiyoifuta kwa wakati huacha alama ambayo haitoki ila kwa kusaga tena, yaani klia nyingine inakwenda. Inataka pia saa 12 hadi 24 bila tone la maji, jambo gumu wakati wa masika kama huna paa. Na hakuna hata moja kati ya hizi inayozuia mikwaruzo ya kitambaa chenye mchanga.

Sponji zioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo kabla polishi haijakaukia ndani. Zikamuliwe kwa kubonyezwa bila kusokotwa, kisha zianikwe kivulini uso ukiangalia chini, na zihifadhiwe kwenye mfuko uliofungwa vumbi lisiingie.