Usifue, Usifumue, Usiuze: Vitambaa vya Ibada Ulivyorithi

Kitengo chetu cha uhifadhi wa mali za Kanisa kinazidi kupokea watu waliofungua sanduku la marehemu bibi wakakuta kifuko cha hariri kilichotariziwa na kushonwa pande zote. Wengi hukileta kikiwa kimeshafumuliwa.

Mara nyingi kifuko hicho ni Agnus Dei, yaani Mwanakondoo wa Mungu. Ndani mna kisahani cha nta ya mshumaa wa Pasaka, chenye chapa ya mwanakondoo na jina la Papa aliyekibariki. Mapapa walivibariki mwaka wa kwanza wa utumishi wao, kisha kila baada ya miaka saba. Watawa wa kike ndio walioshona na kutarizi vifuko. Uingereza ilipiga marufuku kuviingiza nchini kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1571, hivyo waliokuwa navyo walivificha. Tulipokea kimoja kilichofuliwa kwa maji ya moto. Waridi za uzi wa dhahabu zilikuwa zingali pembeni, lakini nta ilikuwa imeyeyuka na kunywewa na hariri, katikati pamebaki doa gumu. Hatukuweza kukiokoa.

Na vitu hivi si hirizi. Tumelieleza hili mara nyingi na tutalieleza tena. Mwenye hirizi hutegemea kitu chenyewe. Kisakramenti, yaani kitu cha ibada kilichobarikiwa, hutegemea sala ya Kanisa na imani ya anayekivaa. Tauni ilipoingia Marseille mwaka 1720, Sista Anne-Madeleine Rémuzat na wenzake walitengeneza maelfu ya vitambaa vidogo vya Moyo Mtakatifu wa Yesu vya kuvaliwa, na mji ule ulikuwa ukisali. Mwaka 1793, wakulima wa Vendée nchini Ufaransa walishonea moyo kama huo kwenye makoti yao wakienda vitani.

Skapulari, vipande viwili vya kitambaa vinavyoning'inizwa shingoni kwa kamba, nazo zina lugha yake: kahawia ya Wakarmeli, nyeusi ya Mateso Saba ya Maria, samawati ya Mkingiwa Dhambi ya Asili, nyekundu ya Mateso ya Yesu, nyeupe ya Utatu Mtakatifu. Ukizikuta zote tano kwenye kamba moja usizitenganishe, ndivyo zilivyovaliwa. Mwaka 1910 Papa Pio X aliruhusu medali ivaliwe badala ya kitambaa.

Sasa sheria. Kanuni 1171 ya Sheria ya Kanisa inataka vitu vilivyobarikiwa kwa ajili ya ibada viheshimiwe na visitumiwe kwa mambo yasiyofaa, hata kama ni mali ya mtu binafsi. Kwa hiyo kasula ya zamani, vazi la nje la padri kwenye Misa, haigeuzwi mto wa kochi. Kanuni 1190 inakataza kabisa kuuza masalia ya watakatifu, na kipande cha mfupa chenye upana wa punje ya mchele kilichoshonewa katikati ya maua ya hariri ni masalia. Kama kitu ni cha parokia na kina thamani ya sanaa au historia, kanuni 1292 inadai kibali cha Kiti Kitakatifu kabla ya kukihamisha, yaani kukiuza au kumpa mwingine kiwe mali yake. Anayekihamisha bila kibali anaangukia kanuni 1376, iliyorekebishwa mwaka 2021, yenye adhabu pamoja na wajibu wa kufidia hasara. "Sikujua" hakurudishi kitu kilichokwisha kuuzwa.

Utaratibu ni huu. Piga picha mbele na nyuma kabla ya kugusa chochote. Usitoe pini, karatasi wala uzi mwekundu wenye lakiri, yaani nta ya muhuri. Lakiri ikivunjika, uthibitisho wa masalia umevunjika nayo. Usisugue nyuzi za dhahabu hata zikiwa nyeusi. Funga kwa karatasi nyeupe isiyo na asidi, si kwa plastiki, uweke mahali penye giza na pakavu. Kisha mwone paroko, naye atawasiliana na ofisi ya jimbo. Kwenye karatasi ya pembeni, kwa penseli, andika jina la aliyekivaa, alikipata wapi, na alisali sala gani akikishika. Nta tunaweza kuipima wenyewe; hayo matatu hatuyapati popote isipokuwa kwenu.