Mzee amevimba miguu? Shika tumbo kwanza

Nimeletewa tena mzee mwenye miguu iliyovimba, na kwenye karatasi ya rufaa kumeandikwa "mkojo unatoka vizuri". Unatoka, ndiyo: matone mchana kutwa, na usiku analowesha kitanda. Muulizeni mkewe, mwenyewe hatasema. Hicho ni kibofu kilichojaa hadi kinamwagika.

Kibofu cha kawaida kikifika mililita 400 hivi kinadai choo. Wenye tezi dume iliyovimba kwa muda mrefu hubeba lita nzima na zaidi bila maumivu yoyote. Figo hujaa kwa nyuma, kreatinini (taka ya damuni ambayo figo huichuja) hupanda, hayo mnayajua.

Msilolikumbuka ni vena za nyonga. Zinazorudisha damu kutoka miguuni hupita jirani kabisa na kibofu. Kikitanuka kiasi hicho kinazikandamiza, damu inatuama, mguu unavimba. Damu iliyotuama huganda, na bonge likichomoka safari yake ni mapafuni. Halafu mtu anaandika furosemaidi, dawa ya kuongeza mkojo! Bomba limeziba, yeye anazidi kujaza pipa.

Wapo pia waliolisikia hili wakalishika kupita kiasi: kila mguu uliovimba ni kibofu, weka mpira wa kutolea mkojo, mzee aende nyumbani. Hawa ndio wananichosha zaidi. Vena iliyobanwa tu na vena yenye bonge huwezi kuzitofautisha kwa macho, hasa ukivimba mguu mmoja. Pigeni Doppla, kipimo cha mawimbi ya sauti kinachoonyesha damu inavyopita kwenye vena. Mguu ukinywea baada ya kuweka mpira, vizuri, lakini mpira hauondoi bonge. Bonge linataka dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa kawaida miezi 3 au zaidi.

Hapo ndipo nami ninapokuna kichwa. Kibofu kilichofunguliwa ghafla mara nyingine hutoa damu, na mgonjwa huyohuyo nataka kumpa dawa inayozidisha kutoka damu. Bonge likiwa juu ya goti naanza mara moja. Likiwa dogo, chini ya goti, na mkojo una rangi ya damu, huwa nasitasita na kurudia Doppla, na sina hakika kila mara kwamba nimeamua sawa.

Kufungafunga mpira ili mkojo utoke kwa awamu? Tafiti zilizolinganisha hazikuona faida. Uachieni utoke, kisha upimeni kila saa. Ukizidi mililita 200 kwa saa, saa mbili mfululizo, fuatilieni maji na chumvi zake; usiku huo mgonjwa asilale nyumbani.