Hakuna Mungu ndani ya "pogoda"

Kila darasa jipya la Kirusi halikosi mtu wa kunyoosha mkono: "Mwalimu, pogoda si ni hali ya hewa? Na ndani yake si kuna God? Kumbe Waslavi walijua mvua ni kazi ya Mungu!" Hapana. Waslavi, yaani Warusi na ndugu zao wa lugha, Mungu wanamwita Bog, kuanzia Moscow hadi Zagreb. Herufi tatu zikifanana si undugu.

Mzizi ni god, neno la Kislavi cha kale la wakati, hasa wakati unaofaa. Usikimbilie Kiingereza; pita kwanza kwa ndugu wa karibu. Kwa Warusi god ni mwaka. Kwa Waslovenia ni sikukuu ya mtakatifu somo wako. Kipolandi kina godzina, saa, na gody, karamu ya harusi. Kicheki hugeuza g kuwa h, kikapata hodina, saa. Kiserbia kina pogodan, yaani -a kufaa. Mungu yuko wapi hapo?

Basi pogoda lilikuwa wakati mwafaka, likawa anga zuri, kisha Warusi na Wapoland wakalitanua likabeba anga la namna yoyote. Maana ya zamani haijafutika: kwa Kipolandi, siku iliyo pogodny ni ya jua, na mtu aliye pogodny ni mkunjufu. Wacheki walibaki na pohoda, raha mustarehe, na hali ya hewa wakaiita počasí, kutokana na čas, wakati. Kinachonifurahisha zaidi ni lahaja za kaskazini mwa Urusi, ambako pogoda huweza kuwa dhoruba yenyewe. Na kama ni lazima umpate jamaa wa Kiingereza, wanaisimu humtaja good, si God. Na hao wawili wenyewe hawana nasaba.

Wapo pia wanaocheka vreme ya Kiserbia, eti ni uvivu kutumia neno moja kwa wakati na kwa hali ya hewa. Temps ya Kifaransa inafanya vivyo hivyo, na hakuna anayeicheka.

Tena kuna wanaoamini kwamba maneno yote ya dhoruba ya Kirusi ni ya Kislavi, maana baridi ni yao. Lakini buran, dhoruba ya theluji, lina asili ya lugha za jamii ya Kituruki, purga, nayo ya theluji, limetoka kwa majirani wa jamii ya Kifini, na uragan, kimbunga, limevuka bahari kutoka Karibi kupitia Kihispania.