Je, wajua kwa nini pampu mbovu ya petroli huharibu oili ya injini?

Injini kuukuu ikila oili, hakuna anayeshangaa. Lakini ukichomoa kijiti cha kupimia ukakuta oili imepanda kupita alama ya juu, imekuwa nyepesi na inanuka petroli, basi kwenye injini ya kabureta, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa, mshukiwa wa kwanza ni pampu ya petroli iliyofungwa ubavuni mwa injini.

Pampu hiyo haitumii umeme. Wenzo wake huingia ndani ya injini na kuegemea kemu, yaani nundu iliyo kwenye kemshafti, mhimili wa injini unaofungua vali. Kemu ikisukuma wenzo, wenzo huvuta dayaframu, yaani utando wa mpira, na petroli hunyonywa kutoka tangini. Kemu ikishapita, springi hurudisha dayaframu na kuipeleka petroli kwenye kabureta. Springi hiyo ndiyo inayoweka presha, mara nyingi psi (pauni kwa inchi mraba) 3 hadi 6. Kabureta ikijaa, sindano yake hufunga njia, dayaframu hubaki imevutwa, na wenzo hucheza bure.

Basi juu ya dayaframu kuna petroli, chini yake kuna oili. Utando ukitoboka, petroli huteremka hadi kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, oili hupoteza uzito wake na beringi huanza kusagana. Pampu nyingi zina kitundu kidogo cha kuvujia nje. Petroli ikitoka hapo, dayaframu imekwisha. Ikitoka oili, sili iliyo chini ya dayaframu ndiyo iliyochoka.

Injini ikikosa petroli bila dalili hizo, usikimbilie kununua pampu. Mpira wa kupitishia petroli uliopasuka kati ya tangi na pampu huenda usidondoshe hata tone, kwani hapo pampu inanyonya, hivyo huvuta hewa badala ya petroli. Chujio la petroli lililoziba nalo huleta ugonjwa uleule.

Kubadilisha kwenyewe si kazi kubwa. Acha injini ipoe, toa waya hasi wa betri, na uwe na vizibo vya mipira tayari, maana tangi likiwa juu kuliko pampu petroli itaendelea kutiririka yenyewe. Weka alama mpira wa kuingilia na wa kutokea. Palipo na nati ya paipu tumia spana mbili, moja ishike pampu na nyingine ilegeze nati, la sivyo paipu itajisokota.

Kabla ya kufungua bolti, zungusha injini kwa mkono hadi upande wa kemu usiosukuma uelekee wenzo. Wengi huruka hatua hii, kisha hulazimisha pampu mpya kwa kukaza bolti huku springi ikisukuma. Matokeo yake ni nyuzi za bolti kuharibika au sikio la pampu kupasuka. Kwa injini zenye fito kati ya kemu na wenzo, paka fito grisi nzito ili lisiteleze kushuka wakati unafunga.

Kipande kinene cha plastiki ngumu kati ya pampu na injini usikitupe ukidhani ni gasketi tu. Kinazuia joto lisichemshe petroli, na unene wake ndio unaopima mwendo wa wenzo. Ukifunga bila hicho, wenzo husukumwa kupita kiasi na kuvunjika. Ukiongeza kingine, pampu hupiga nusu mwendo na injini hukosa nguvu mlimani. Rudisha unene uleule, na gasketi mpya pande zote mbili.

Linganisha wenzo wa pampu mpya na wa zamani, na uhakikishe umekaa upande uleule wa kemu. Anza bolti zote mbili kwa vidole, kisha zikaze kwa zamu.

Kama petroli ilikuwa imeingia kwenye oili, mwaga oili yote, weka mpya na ubadilishe chujio lake kabla ya kuwasha. Kabureta huenda ikawa tupu, kwa hiyo piga stata sekunde 10, pumzisha, rudia. Ikishawaka, kagua kila kiungo kwa tochi, kwani petroli inayodondokea ekzosi yenye moto huunguza gari. Pampu mpya ikigoma kabisa kuvuta, angalia kwanza kama umepishanisha mpira wa kuingilia na wa kutokea.