Paneli ya mawakili wa kaunti: kuorodheshwa si kupewa kazi

Kila mara Kaunti ya Jiji la Nairobi, au kaunti nyingine yoyote, inapoalika kampuni za mawakili kutuma maombi ya kuingia kwenye paneli yake, husikika kauli mbili zisizo sahihi. Ya kwanza: "Kanuni za kuajiri mawakili wa nje zimebadilishwa." Ya pili, kuhusu kampuni iliyofaulu: "Wamepata tenda ya kaunti." Matangazo ya aina hiyo hayasemi hili wala lile. Nimezisikia kauli hizi mara nyingi mno, tena kutoka kwa watu wanaofuatilia habari kwa makini.

Paneli ni orodha ya kampuni za mawakili ambazo kaunti imezihakiki na kuridhika kwamba zinaweza kupewa kesi zikitokea. Kampuni hupeleka cheti cha uwakili cha mwaka huo, cheti cha kutodaiwa kodi, bima ya kitaaluma na maelezo ya kesi ilizoendesha. Kamati hukagua, na aliyetimiza masharti huandikwa. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015 inamtaka mkuu wa ununuzi awe na orodha za namna hii na azihuishe kila mara. Kwa hiyo kuhuisha orodha ni kazi ya kawaida ya ofisi, wala hakugusi kanuni yoyote.

Sasa tuje kwenye tofauti yenyewe. Orodha haina bei, haina kesi, haina ahadi. Kifungu cha 135 cha sheria hiyo kinasema wazi kwamba hakuna mkataba mpaka hati iandikwe na pande zote mbili zitie saini. Kampuni inaweza kukaa kwenye paneli mwanzo hadi mwisho bila kupokea faili hata moja, na isiwe na dai lolote dhidi ya kaunti. Wapo pia wanaochanganya paneli na mkataba wa jumla unaoelezwa katika kifungu cha 114, ule ambao masharti hukubaliwa kwanza na kazi huagizwa kadiri haja inavyotokea. Huo ni mkataba kweli: muda wake hauzidi miaka 3, na kila kundi la huduma linatakiwa kuwa na watoa huduma wasiopungua 7. Paneli ya kawaida haifiki huko.

Kinachozaa deni ni barua ya maagizo, yaani barua ambayo kaunti humkabidhi wakili kesi. Barua hii mara nyingi ni ya ukurasa mmoja: namba ya kesi, majina ya wadaawa, nakala ya hati ya madai imeambatishwa, na sentensi inayomwomba wakili aingie kesini kwa niaba ya kaunti kabla ya tarehe fulani. Ukiisoma hadi chini, huenda usikute neno hata moja kuhusu ada. Hapo ndipo hela ya mlipa kodi inapopotelea, na ndiyo maana jambo hili linanikera.

Barua ikinyamaza kuhusu ada, Amri ya Malipo ya Mawakili, inayoweka viwango vya ada zao, ndiyo inayosema. Katika kesi kubwa za madai, ada ya maagizo, yaani ada ya msingi ya kuichukua kesi, hukokotolewa kutokana na thamani ya kinachogombaniwa, na Mahakama ya Rufani ilishaeleza katika kesi ya Joreth dhidi ya Kigano, mwaka 2002, kwamba thamani hiyo husomwa kwenye hati za madai, hukumu au mapatano. Kisha wakili anayemdai mteja wake mwenyewe huongezewa nusu juu ya kiwango hicho. Chukua kesi ya ardhi ya shilingi bilioni 1: hata ungekokotoa kwa asilimia 1 tu, ni milioni 10, na nusu ya ziada bado. Wakili hupeleka ankara yake kwa naibu msajili wa mahakama, ikakadiriwa, yaani kiasi anachostahili kikaamuliwa, akapewa cheti, na cheti hicho kinaweza kugeuzwa hukumu. Hayo yote yanaweza kutokea bila mtu yeyote kuiba, kwa sababu tu hakuna aliyeandika kiasi mapema. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Mawakili kinaruhusu wakili na mteja kukubaliana ada kwa maandishi, na makubaliano halali ya namna hiyo hayapelekwi tena kukadiriwa.

Wengine husema dawa ni kuchagua wa bei ya chini kabisa. Haiwezekani hivyo. Kifungu cha 36 cha Sheria hiyohiyo ya Mawakili kinamkataza wakili kutoza chini ya kiwango kilichowekwa, kwa hiyo mawakili hawashindanishwi kama wauza viti. Kinachoweza kupimwa ni uzoefu na mpango wa kuendesha kesi, na kinachoweza kukubaliwa ni ada ya jumla isiyopungua kiwango, inayolipwa kwa hatua.

Wakili naye asijione salama. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilikataa dai la kampuni ya utangazaji ya Royal Media Services la kulipwa kwa matangazo ya tume ya uchaguzi, IEBC, kwa sababu utaratibu wa ununuzi haukufuatwa. Mawakili hujibu kwamba uhusiano wao na mteja unaweza kuthibitishwa hata kwa mwenendo. Ni kweli, lakini hoja hiyo ni nyepesi zaidi mteja anapokuwa ofisi ya umma.

Kanuni zenyewe ziko mahali pengine. Sheria ya ununuzi hubadilishwa na Bunge, na kanuni zake za sasa ni za 2020. Sheria ya Ofisi ya Wakili wa Kaunti, nayo ya 2020, inazuia idara kujitafutia mwanasheria wa nje bila idhini ya Wakili wa Kaunti, yaani mshauri mkuu wa kisheria wa serikali ya kaunti. Kaunti yenyewe inaweza kuandika sera yake ya ndani: nani anatia saini barua ya maagizo, mawakili walioajiriwa na kaunti wathibitishe vipi kwamba kesi imewazidi, faili zigawanywe kwa zamu gani, na ada ikubaliwe kabla au baada ya wakili kuingia kesini.

Basi tangazo lijalo likitoka, ni sahihi kusema kaunti inahuisha orodha yake ya mawakili. Kampuni zitakazofaulu zitakuwa zimeorodheshwa. Kama kuna anayesema kanuni zimebadilika, tumwombe kwa upole atuonyeshe kipengele kinachotaja barua ya maagizo.